Kioo Huanza Kuvunjika Kabla Simu Haijaanguka

Haya wadogo zangu, leo tuyaweke mapenzi pembeni, tuongee habari ya simu. Maana nawaona. Kioo kina nyufa toka kona mpaka kona, na mwenyewe anapitisha kidole kwa machale kisimkate. Ukimuuliza: “Dada, imedondoka tu hapa kitandani!” Na mwezi uliopita simu hiyohiyo ilibingirika ngazini ikaokotwa nzima. Kwa nini ngazi iiache, kitanda kiimalize?

Sikilizeni. Vioo vya simu nyingi za sasa, mfano Gorilla Glass ya kampuni ya Corning ya Marekani, hutumbukizwa kiwandani kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi. Chembe ndogo za sodiamu hutoka usoni mwa kioo, na chembe kubwa za potasiamu huchukua nafasi zao. Hapo uso unabanana. Fikiria daladala la Mbagala jioni: watu wameshonana kiasi kwamba dereva akifunga breki ghafla, hakuna pa kuangukia. Ufa nao ukitaka kufunguka, chembe zilizobanana zinaukatalia. Ila tabaka hilo ni jembamba sana. Mkwaruzo ukilipenya, mahali hapo pamekwisha kudhoofika, hata kama simu inawaka vizuri. Kitanda kimemalizia kazi iliyoanza zamani.

Sasa anayekwaruza ni nani? Wengi mnalaumu funguo na sarafu. Nyingi ya hizo ni laini kuliko kioo. Mbaya wenu ni mchanga, kwa sababu punje moja ya mchanga wa ufukweni huwa ngumu kuliko kioo cha simu. Mnatoka Coco Beach, mchanga umejaa kwenye pochi, simu inatupiwa humohumo. Halafu mtu anaifuta kwa upindo wa dera uliokuwa unaburuzika ufukweni! Hapo hujasafisha, umepiga msasa. Ipulize kwanza, ndipo uipanguse. Na pochi igeuze nje ndani mara kwa mara uikung'ute.

Tuje kwenye protekta. Muuzaji wa Kariakoo atakwambia, “Chukua hii dada, 9H, haikwaruziki.” Mwache aseme. Hiyo 9H ni daraja la penseli: maana yake penseli ya ugumu huo ikiburuzwa juu yake haiachi mkwaruzo. Mchanga si penseli. Kazi ya protekta ni kukwaruzwa na kupasuka kwa niaba ya kioo chako, basi usilipie namba. Tazama gundi: imeenea uso mzima, au ipo pembeni tu? Ya pembeni inaacha uwazi katikati, vumbi linaingia na tachi inakuwa nzito. Na ikishapasuka, ibandue uweke nyingine. Imekwisha kufanya kazi yake.

Kama hela inatosha kitu kimoja tu, mdogo wangu, nunua kava. Kona ndizo hupokea kishindo kibaya zaidi simu inapodondoka. Tafuta kava lenye kona nene na ukingo uliopanda juu kidogo ya kioo, ili hata ukiilaza simu kifudifudi, kioo kisiguse meza. Lile jembamba lenye vito na maua livae kwenye sherehe.

Halafu kuna mahali tunapoziweka. Najua sidiria ndiyo benki yetu kwenye foleni ya mwendokasi, vibaka hawafiki. Lakini jasho ni maji yenye chumvi, na tachi inafanya kazi kwa kuhisi badiliko dogo la umeme kidole kinapoikaribia. Jasho nalo linapitisha umeme, kwa hiyo simu inadhani inaguswa, inaanza kufungua vitu na kupiga simu yenyewe. Jasho hilohilo likipenya kwenye tundu la chaji, linaleta kutu. Kama huna budi, itie kwanza kwenye kimfuko cha plastiki chenye zipu. Mfuko wa nyuma wa jinzi sahau kabisa, maana ukikaa unaipinda. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Apple wanasema iPhone isihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 45, na dashibodi ya Dar inapita hapo bila shida. Joto linalegeza gundi ya kioo na kuchosha betri. Betri ikivimba, inakisukuma kioo kwa ndani. Ukiona upande mmoja umeinuka, usiubonyeze urudi. Izime, acha kuichaji, peleka kwa fundi.

Kwenye usafi hatuhitaji mengi: kitambaa laini kama cha miwani, kimelowa kidogo tu. Kioo kimepakwa utando unaozuia mafuta ya vidole kuganda. Jiki na dawa ya vioo vya madirisha vinaumaliza. Na huyo aliyewaambia dawa ya meno inafuta mikwaruzo, mwambieni ina unga wa kusugulia ndani yake. Inaongeza mingine.

Jingine: simu ikiwa kwenye chaji inarukaruka, unagusa hapa inajibu kule? Chomoa chaja kwanza. Ikitulia, jaribu chaja nyingine nzuri kabla hujakubali kuuziwa kioo kipya.

Na ikishapasuka? Wahenga walituasa tuzibe ufa, ila ufa wa kioo hauzibiki. Bandika selotepu pana usijikate, na siku hiyohiyo hamisha picha na namba zako, maana tachi ikifa hutaweza hata kuandika nywila. Ikiwahi kufa lakini picha bado inaonekana, simu nyingi za Android zinakubali mausi ya kompyuta kwa waya wa OTG, ule wa kuchomeka vifaa vya USB kwenye tundu la chaji. Omba hata ya kazini, fungua simu, okoa vyako.

Kwa fundi, nenda na swali: kimepasuka kioo cha juu tu, au na cha ndani? Kama picha ni safi, haina wino mweusi wala mistari, na tachi inaitika kote, huenda ni cha juu peke yake. Fundi mwenye mashine anaweza kukitenganisha, na bei huwa nafuu kuliko kubadilisha vyote. Kabla hujamkabidhi simu, toa laini, hamisha picha zako za faragha, na namba ya siri ya pesa usimtajie hata akisema anataka “kujaribu mtandao”. Ikiwezekana vuta kigoda, kaa hapohapo mpaka amalize.

Leo kabla ya kulala, kila mmoja avue kava la simu yake. Mtakuta mchanga umejipanga kwenye kingo. Futeni, kisha inamisheni simu chini ya taa mkague kona moja moja. Atakayeona mkwaruzo unaokwamisha ukucha, kesho aende akanunue kava. Kijora kitasubiri.