Tusome Kina cha Maji

Leo tunajifunza kutoa na kugawanya kwa kutumia maji.

Tuanze na Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, penye bwawa kubwa la umeme. Likijaa, maji yake husomeka mita 698.5. Msidhani hicho ni kina! Ni urefu kutoka usawa wa bahari. Alama ya chini ya kuendeshea mitambo ni 690. Basi toeni: 698.5 – 690 = 8.5. Mita hizo 8.5 tu ndizo za kutumia. Mwaka 2006 maji yalishuka chini ya alama hiyo, na nchi ikapata mgawo wa umeme.

Sasa turudi huku kwetu Mbekenyera. Tuseme kijiji kina lambo. Simikeni mti wenye alama za sentimita. Julai mosi yako 120 juu ya tope, na kila wiki yanashuka 5. Gawanyeni: wiki 24. Mtasema, aa, yatatufikisha Desemba, mvua itayakuta.

Hapana. Lambo ni kama bakuli, chini ni jembamba. Mkiteka ndoo zile zile, maji hushuka upesi zaidi. Na jua nalo linakunywa, tena halipangi foleni. Kwa hiyo someni mti kila Jumatatu, mwandike.

Zoezi: Mwishoni mwa Agosti mti ulisoma 84. Wiki iliyofuata ulisoma 77. Yameshuka ngapi? Yakishuka hivyo hivyo, zimebaki wiki ngapi? Je, matofali yafyatuliwe sasa, au yangoje mvua?