Dume, Jike na Adapta: Somo la Istilahi katika Kuunganisha Antena ya Redio ya Gari

Utangulizi

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hufunzwa kama onyo dhidi ya maneno ya kuumiza, lakini inamhusu pia anayeingia katika duka la vifaa vya redio na kuomba adapta "ya kiume" au "ya kike". Anaweza kuuziwa kifaa kinachokaza barabara kwenye redio yake lakini kisichopitisha mawimbi hata kidogo.

Makala hii ina madhumuni mawili. Kwanza, inaeleza jinsi ya kulinganisha viunganishi vya kebo na adapta za antena ya redio ya gari. Pili, inaonyesha kwamba jozi ya maneno dume na jike haitoshi kwa kazi hii, na inapendekeza maelezo yaliyo wazi zaidi. Mwanasarufi asitatizike: viunganishi tunavyovizungumzia hapa si "na", "au" na "lakini", bali ni vile vya chuma.

1. Kebo yenyewe

Kebo ya antena huitwa koaksia kwa kuwa sehemu zake zote zina mhimili mmoja. Katikati mna waya wa shaba. Waya huo umezungushiwa kihami. Juu ya kihami mna wavu wa nyuzi za shaba. Na nje kabisa mna ganda la plastiki. Kila kiunganishi kina kazi mbili: kuunganisha waya wa kati na mwenzake, na wavu na mwenzake, bila ya viwili hivyo kugusana.

Kebo hupimwa pia kwa impidansi, yaani namna inavyoukinza mkondo wa mawimbi. Redio za mawasiliano za magari hutumia omu 50, kama ilivyo kebo ya RG-58 yenye unene wa milimita 5 hivi. Kebo za televisheni, kwa mfano RG-6, huwa na omu 75. Omu 50 zikikutana na omu 75, asilimia 4 ya nguvu hurudi ilikotoka. Hasara hiyo ni ndogo, ila kuna tatizo la umbo: kiunganishi kilichotengenezewa unene mmoja hakikamati vyema kebo ya unene mwingine.

2. Koo za viunganishi

Viunganishi vina koo, na kwa kawaida wa ukoo mmoja haingiliani na wa ukoo mwingine ila kwa adapta. Redio ya gari ya kusikilizia matangazo hutumia plagi ya kusukuma, isiyo na nati, ambayo mafundi huiita plagi ya Motorola. Hiyo ni ya kupokea tu. Redio za kuzungumzia zinazofungwa garini aghalabu hutumia ukoo uliobuniwa miaka ya 1930: plagi ya PL-259 na soketi yake, SO-239. PL-259 ilikusudiwa kebo nene ya milimita 10 hivi. Anayeifunga kwenye RG-58 hana budi kutia kipunguzi, yaani mrija mdogo wa chuma unaojaza nafasi inayobaki.

Ukoo wa BNC hufungwa kwa kusukuma na kuzungusha robo mzunguko. Ukoo wa N ni mkubwa, una hesi, na huzuia maji vizuri. Ukoo wa SMA ni mdogo, wenye hesi nyembamba, na hupatikana katika redio nyingi za mkononi.

3. Sitiari inapokwama

Tunaposema kiunganishi ni dume au jike, tunatumia sitiari. Imezoeleka mno hata tumesahau kuwa ni sitiari. Nayo huleta utata tangu hatua ya kwanza. PL-259 ina sindano katikati, hivyo huitwa dume. Lakini itazame kwa nje: nati yake ina hesi kwa ndani, nayo huimeza soketi. Anayehukumu kwa nati ataiita jike.

Kwa kawaida mafundi hukubaliana kwamba sindano ndiyo inayoamua. Kanuni hiyo huvunjika tunapofikia RP-SMA, aina inayotumika sana katika vifaa vya intaneti isiyotumia waya. Humo sindano na tundu vimebadilishana nafasi, ilhali hesi zimebaki zilipokuwa. Dume la RP-SMA lina nati, lakini katikati lina tundu. Jike lake lina hesi kwa nje, lakini katikati lina sindano. Jina limeifuata nati na kuiacha sindano.

Matokeo yake si mzaha. Jike la SMA likifungwa kwa dume la RP-SMA, hesi zitashikana, lakini tundu litakutana na tundu na mawimbi hayatapita. Mwenye redio akizungumza, nguvu itarudi ndani ya chombo na huenda ikaunguza sehemu ya kurushia. Dume la SMA likikutana na jike la RP-SMA, sindano itagonga sindano, na moja yazo huenda ikapinda au kuvunjika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kiunganishi kielezwe kwa mambo matatu: ukoo, kiini (sindano au tundu) na hesi (za ndani au za nje). "SMA, tundu, hesi za nje" ni maelezo marefu kuliko "SMA jike", lakini hayana mlango wa pili.

4. Mfano: kuchagua adapta

Tuchukue gari la kutembeza watalii katika Maasai Mara, ambako madereva hupashana habari za wanyama kwa redio. Mtu mwenye leseni ya masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya anataka kuunganisha redio ya mkononi aina ya Baofeng UV-5R na antena iliyo juu ya paa. Redio hiyo ina SMA, sindano, hesi za ndani. Kebo ya antena inaishia kwa PL-259: sindano, hesi za ndani. Je, anahitaji adapta gani?

Kanuni ni hii: kila upande wa adapta uwe kinyume cha kile unachokutana nacho. Upande wa redio uwe SMA, tundu, hesi za nje. Upande wa kebo uwe SO-239, tundu, hesi za nje. Kwa lugha ya zamani, adapta hii ni jike pande zote mbili. Anayedhani kwamba lazima adapta iwe na dume na jike atanunua isiyomfaa.

Aidha, PL-259 ni nzito. Ikining'inia moja kwa moja kwenye SMA katika barabara ya mashimo, huenda ikaing'oa. Afadhali kutumia kipande kifupi cha kebo laini chenye SMA upande mmoja na SO-239 upande wa pili.

5. Uhakiki kabla ya kuzungumza

Antena ikiwa imeondolewa, kipimaumeme kionyeshe njia kutoka waya wa kati wa mwisho mmoja hadi ule wa mwisho wa pili, na vivyo hivyo kwa wavu. Kisionyeshe njia yoyote baina ya waya na wavu. Kisha antena irudishwe na mawimbi yanayorudi yapimwe kwa mita yake. Uwiano usiozidi 1.5 kwa 1 ni mzuri; ukifika 3 kwa 1, robo ya nguvu inarudi, na haifai kuendelea kurusha. Hatimaye, adapta ziwe chache iwezekanavyo, kwani kila kiungo ni nafasi ya maji na kutu.

Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kiliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi huo haukamiliki iwapo fundi atalazimika kuiacha lugha hii mlangoni pa karakana. Wanaistilahi hutaka istilahi iwe sahihi, fupi na yenye mfumo. Mfano wetu unaonyesha kwamba ufupi ukiushinda usahihi, gharama hulipwa na mwenye redio. Tunawahimiza wanachama watembelee karakana zilizo karibu na vyuo vyao, wasikilize mafundi wanavyoviita vifaa hivi, kisha waulize swali moja: je, jina hili linamwezesha mtu asiyekiona kifaa kukichagua bila kukosea?