Programu Haitakulindia Dizeli: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mkandarasi wa Barabara

Mkandarasi wa Kitale au Bungoma anayetaka programu ya kuunganisha stoo, mitambo, ununuzi, mishahara na hesabu asome haya kabla hajatia sahihi.

FANYA

Anza na dizeli. Mishahara na hesabu za ofisini zisubiri. Greda, rola na tipa ndizo zinazokula pesa, na mtungi wa lita 20 hutoka uani usiku bila mtu kuuliza. Kila lita itolewe kwa namba ya mtambo, saa zilizosomwa kwenye mita, jina la dereva na kipande cha barabara kilichofanyiwa kazi. Mtambo uliokunywa kupita saa zake ujulikane kesho yake asubuhi. Ukingoja mwisho wa mwezi, utakuta dereva ameshapata kazi Lodwar.

Hesabu stoo kwanza, kwa mikono. Kichujio kimoja kikiwa na majina matatu daftarini, programu itakionyesha kama bidhaa tatu.

Anza mvua inaponyesha, kati ya Aprili na Agosti, kazi za udongo zinapolala. Kiangazi hakuna atakayekaa darasani.

Dai ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi, kwa kila ununuzi. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haipunguzi kodi yako ya mapato. Mwenye machimbo ya kokoto anayekuandikia risiti kwenye kipande cha karatasi anakuuzia mawe pamoja na kodi. Mfumo ukatae kumlipa.

Fuatilia kila cheti cha malipo, kiwe cha mamlaka za barabara (KeNHA, KeRRA, KURA) au cha kaunti: kilipelekwa lini, kimekwama wapi, riba ya benki imefika wapi. Kodi ya zuio ya asilimia 3 na VAT ya zuio ya asilimia 2 zinazokatwa ziandikwe siku hiyo hiyo. Mwaka 2025 serikali iliweka dhamana shilingi 7 kati ya 25 za tozo ya matengenezo ya barabara kwa kila lita ya mafuta, ili ipate bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi malimbikizo yao. Unapodai deni la namna hiyo, karatasi ndiyo inayokusemea.

Hesabu siku za vibarua. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na mahakama haitauliza kama ulijua.

USIFANYE

Usinunue kwa sababu ya maonyesho ya hoteli za Nairobi. Programu ya SAP ya Ujerumani imezoea makampuni makubwa. Wewe una greda mbili. Odoo ya Ubelgiji na ERPNext ya India zina matoleo huria yasiyo na ada ya leseni, lakini fundi wa kuzisimika na mafunzo hulipwa. Pesa yako ielekee huko.

Usimsahau karani wa saiti. Ofisi iko Kitale mjini, saiti iko Endebess au Chwele. Programu isiyoandika bila mtandao haikufai. Wala usikubali karani ajaze daftari kisha aingize kwenye mfumo Jumamosi. Jumamosi hiyo haifiki.

Usikusanye alama za vidole na namba za vitambulisho halafu uziache wazi kwenye kompyuta ya stoo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu.

Usiendeshe daftari na mfumo pamoja mwaka mzima. Watu watachagua daftari.

Na wewe mwenye kampuni, usimpigie mtunza stoo simu ukamwambia, “Toa tu, tutaandika baadaye.” Simu hiyo ikipigwa mara moja, kila msimamizi atapiga yake. Nywila ya mhasibu si yako, idhini ya ununuzi isipite bila mtu wa pili, na anayetoa mafuta asiwe ndiye anayeyahesabu. Mkurugenzi asiyekubali kukataliwa na mfumo wake mwenyewe asiununue. Pesa hizo anunulie tairi.