Ulimi wa Rika

Wazee wa Ipyana, na wa Kyela yote, wanajua desturi ya zamani: kijana wa Kinyakyusa apatapo miaka 10 au 11 alitoka nyumbani, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika moja. Lakini chakula walikula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hivyo mama aliweza kuwatazama wote usoni, na kumtambua aliyeonewa.

Siku hizi rika limehamia ndani ya simu, na huko mama hana chungu cha kuwaitia. Binti hutukanwa katika kundi la WhatsApp, picha yake hugeuzwa kichekesho, naye amelala chumba cha pili. Akithubutu kusema, mara nyingi jibu ni moja: ananyang'anywa simu. Jibu hilo ni baya, maana linamwadhibu aliyepigwa. Mara ya pili atanyamaza. Yafaa kwanza kumsikiliza, kisha kuyahifadhi maneno yale yasifutwe, ndipo kwenda kwa wazazi wa mwenzake. Mambo yakizidi, namba 116 hupokea habari za watoto bila malipo. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yauhesabu uonevu huu kuwa kosa.

Na mzazi aletewaye mashtaka je? Wengi humtetea mwana wao kabla ya kuona aliyoyaandika. Ayasome kwanza, tena kwa sauti, mwana mwenyewe akiwapo.