Jua Haki Zako: Umenunua Crown, Wiki ya Pili Iko Gereji

Ukipita Gerezani asubuhi, au ukishuka Shauri Moyo upande wa Ilala, huchukui muda kuiona: Toyota Crown imefunguliwa boneti, namba bado zinang'aa, na mwenyewe kasimama pembeni na simu sikioni akimtafuta aliyemuuzia. Gari halijamaliza mwezi tangu litoke yadi. Asubuhi linatetemeka likisimama kwenye foleni, taa ya injini imewaka, na oili inapungua bila kuvuja popote. Fundi keshakagua, kisha anasema neno lake: "Kaka, hapa tufungue tu."

Usimjibu kwanza. Ukikubali hapo hapo, unaweza kuwa umeufunga mlango wa kulirudisha gari kwa aliyekuuzia, na safu ya leo inahusu mlango huo.

Nimeichagua Crown kwa sababu ndiyo saluni kubwa ambayo wengi mjini kwetu wanaijua na kuitamani. Crown Athlete za kati ya 2008 na 2012, zile zenye chasisi inayoanza na GRS200, zina injini ya V6 ya cc 2,499. Injini hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa kuziosha, kwa hiyo masizi huganda pale mwaka hadi mwaka mpaka injini ianze kutetemeka na kukosa nguvu. Nyingine huanza kula oili. Mafundi wanalijua hilo, na wauzaji wengi wanalijua. Mnunuzi, aliyebana matumizi miaka mitatu au minne kupata gari la ndoto yake, mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa. Hilo linaniuma, kwa sababu sheria haikukusudia aachwe hivyo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaingiza masharti ndani ya mkataba hata kama hamkuyaandika. Kifungu cha 15 kinasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Tangazo likisema "2011, kilomita 64,000, haijawahi kugongwa", hayo ndiyo maelezo. Kifungu cha 16 kinagusa ubora: anayefanya biashara ya kuuza magari akikuuzia gari kwa maelezo, gari hilo lazima liwe na ubora wa kuuzika, na ukimweleza kazi unayotaka lifanye ukategemea ujuzi wake, lazima liifae kazi hiyo. Angalia hapo: sharti la ubora linamgusa mfanyabiashara. Ukinunua kwa jirani anayeuza gari lake la nyumbani, unabaki na kifungu cha 15 na yale aliyokutamkia, basi. Ndiyo maana kwa muuzaji wa namna hiyo kila anachosema kiandikwe.

Ubora wa kuuzika kwa gari lililokwishatumika haumaanishi gari kamili. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1965 katika kesi ya Bartlett dhidi ya Sidney Marcus, iliyohusu Jaguar iliyouzwa ikiwa na kasoro ya klachi: gari la mkononi likitembea na kutumika salama, kasoro ya kawaida ya umri wake haitoshi kuvunja mkataba. Shokapu zilizochoka kwenye gari la miaka 14 hutashinda nazo. Injini inayomaliza oili ndani ya wiki mbili ni habari nyingine.

Lipo pia suala la ukaguzi. Kifungu hicho hicho cha 16 kinasema kwamba ukiwa umelikagua gari, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Wengine wakisikia hivyo wanadhani bora wasikague. Hapana. Nenda na fundi wako, alipime kwa mashine, na liwashwe likiwa limelala usiku mzima, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mengi. Kisha fundi aandike alichokagua na alichoshindwa kukagua. Kuwaka na kuzunguka yadi hakuonyeshi masizi yaliyo kwenye valvu, na karatasi hiyo itakusemea. Usikubali pia kuambiwa kwamba gari limepita ukaguzi wa TBS hivyo huna la kusema. Ukaguzi ule ni wa usalama wa gari barabarani. Haumwondolei muuzaji wajibu wake kwako.

Sasa turudi kwa fundi anayesubiri na spana mkononi.

Gari likivunja masharti unaweza kuwa na haki mbili: kulikataa na kurudishiwa fedha zako, au kubaki nalo na kudai fidia. Ya kwanza inakufa mapema sana. Inakufa ukimwambia muuzaji umeridhika, ukilitendea gari jambo ambalo mwenye mali tu ndiye hulitenda, au ukikaa nalo kupita muda wa kuridhisha bila kusema kitu. Kushusha injini, kubadili gia boksi, kupaka rangi upya: yote hayo ni mambo ya mwenye mali.

Muda wa kuridhisha ni muda gani? Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1987, Bwana Bernstein aliishtaki Pamson Motors huko Uingereza. Alinunua Nissan Laurel, saluni mpya kabisa. Baada ya wiki tatu na maili kama 140, ambazo ni kilomita 225 hivi, injini ilikwama barabarani. Tone la gundi ya kuzibia lilikuwa limeziba njia ya oili tangu kiwandani. Jaji alikubali kwamba gari halikuwa na ubora wa kuuzika, lakini akasema wiki tatu zilitosha kulijaribu, kwa hiyo haki ya kulikataa imepita na kilichobaki ni fidia. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo. Hata hivyo Sura ya 214 imetokana na sheria ya Uingereza ya 1893, na mawakili wetu huzisoma hukumu hizo na kuzitumia. Hesabu siku, basi.

Wakili wa muuzaji anaweza kuja pia na hoja nyingine: gari ni bidhaa mahususi, umiliki ulishahamia kwako siku ya mkataba, kwa hiyo ubaki na fidia tu. Hoja hiyo ina mizizi ndani ya sheria yenyewe, na dawa yake ni kuandika haki ya kurudisha ndani ya mkataba kabla hujatoa fedha. Sentensi moja inatosha: "Mnunuzi anaweza kulirudisha gari ndani ya siku 14 tangu alichukue na kurudishiwa bei yote, iwapo ukaguzi wa fundi utaonyesha kasoro ya injini, gia boksi au mfumo wa umeme ambayo haikuelezwa katika mkataba huu." Muuzaji anayeliamini gari lake atasaini. Akigoma, umejua jambo ambalo lingekugharimu mamilioni kulijua baadaye.

Kama mmeshauziana bila sentensi hiyo, mwandikie leo. Ujumbe wa WhatsApp unafaa, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaukubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Eleza kasoro, sema wazi kwamba unalikataa gari, mwambie liko wapi alichukue. Sheria haikulazimishi umpelekee mlangoni, ilimradi umemjulisha. Kisha liegeshe. Mtu aliyeandika kwamba analikataa gari halafu akaenda nalo Morogoro wikiendi amejijibia mwenyewe.

Kuhusu kilomita, hapa sheria ina meno zaidi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17, inatambua kwamba kukaa kimya tu kwa kawaida si udanganyifu. Lakini kuficha jambo kwa kitendo ni udanganyifu, na kurudisha mita nyuma ni kitendo. Kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, na hapo hoja ya kwamba umiliki umeshahama inapoteza nguvu. Ushahidi mara nyingi upo kwenye nyaraka za gari lenyewe: cheti cha kusafirishia gari nje ya Japani huandikwa kilomita zilizosomwa huko. Omba nakala yake na ulinganishe na dashibodi. Cheti kikisema 138,000 na dashibodi inasoma 64,000, huhitaji fundi wa kukueleza zaidi.

Ukishapata namba ya chasisi, uliza pia kama gari liliwahi kuitwa na mtengenezaji na kama lilirekebishwa. Julai 2010 Toyota iliita magari yapatayo 270,000 duniani, ya Lexus pamoja na Crown, kwa sababu ya kasoro ya springi za valvu za injini. Gari linaweza kuhama nchi na kubadili wamiliki kabla halijafanyiwa marekebisho hayo.

Jina kwenye kadi ya gari nalo ni la kuhakikishwa TRA kabla ya kulipa, pamoja na ushuru kama gari limetoka bandarini. Kifungu cha 14 cha Sura ya 214 kinamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza. Mwaka 1923, katika kesi ya Uingereza ya Rowland dhidi ya Divall, gari lilitumika kama miezi minne kabla polisi hawajalichukua kwa kuwa liliibwa. Mahakama iliamuru mnunuzi arudishiwe bei yote, pauni 334, bila kukatwa chochote kwa miezi ile ambayo gari lilitumika. Haki hiyo ni kubwa, lakini inahitaji mtu wa kumdai. Dalali aliyekutembeza Magomeni na Kinondoni si mwenye gari, na mkataba uliosainiwa na dalali peke yake bila idhini ya maandishi ya mwenye kadi utakuhangaisha. Fedha ziingie akaunti yenye jina la muuzaji. Bei itajwe kwa shilingi: kanuni zilizoanza kutumika 28 Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Na udai risiti ya EFD yenye bei halisi. Ukikubali iandikwe milioni 15 wakati umelipa 30, siku ya kesi utadai milioni 30 kwa karatasi inayosema 15.

Wenye Crown wana kilio kingine, cha spea. Unanunua plagi na koili Kariakoo, mafuta yanaendelea kuliwa, unarudi dukani unaonyeshwa maandishi chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Maandishi hayo yana uzito pale ulipobadili mawazo tu. Plagi iliyouzwa kwa jina la mtengenezaji fulani kumbe ni ya kughushi hailingani na maelezo yake, na sentensi ya kwenye risiti haiigeuzi kuwa halisi. Vivyo hivyo "gari linauzwa kama lilivyo": Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kauli za uongo na za kupotosha katika biashara, na ina sehemu nzima ya masharti ya mikataba ya walaji, iliyowekwa kumlinda mnunuzi dhidi ya sentensi za namna hiyo. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na huhitaji wakili kuyafikisha. Tume hiyo hiyo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, kwa hiyo spea ya kughushi iwasilishe na boksi lake.

Wengi hukimbilia kwanza kituo cha polisi Msimbazi. Kama kuna mita iliyochezewa, kadi ya kughushi au gari la wizi, nenda, kwani kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Kama ni injini mbovu tu, hayo ni madai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Andika barua ya madai, mpe muuzaji siku 14, na akinyamaza fungua shauri. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Bei yote ya Crown ikizidi hapo utaanzia Mahakama ya Wilaya. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, ingawa kwa gari ushahidi huharibika mapema zaidi ya hapo.

Na kama huwezi kuliacha limeegeshwa kwa sababu ndilo linalolisha watoto, mwandikie muuzaji kwamba siku fulani, saa fulani, gereji fulani, injini itafunguliwa, na aje na fundi wake. Asipofika, endelea. Fundi aandike namba ya chasisi, kilomita, alichokikuta na bei ya kila kifaa, na asaini. Piga video tangu injini haijaguswa. Vifaa vilivyotolewa, pistoni, ringi, hata oili iliyomwagwa, viwekwe kwenye mfuko wenye tarehe na uende navyo nyumbani. Hapo umechagua kubaki na gari, na utakachodai chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ni gharama ya matengenezo pamoja na hasara nyingine iliyotokana moja kwa moja na kasoro ile.