Kuridhika katika Falsafa ya Yoga: Mfano wa Wavuvi wa Port Victoria

Katika Yoga Sutra, Patanjali ametaja nidhamu tano za nafsi: usafi, kuridhika, juhudi ya kujinyima, kusoma maandiko na kujisalimisha kwa Mungu. Kuridhika, ambako kwa Kisanskriti huitwa santosha, ndiko anakokutaja kuwa chanzo cha furaha isiyo kifani.

Je, kuridhika ni kukata tamaa? Tuchukue mfano wa wavuvi wa omena wa Port Victoria, Kaunti ya Busia. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi inapong'aa, samaki hawavutwi na taa na mavuno hupungua. Mvuvi hana amri juu ya mwezi, bali juu ya wavu wake. Aliyeridhika huushona wavu huo pasi na kunung'unika, akingojea giza.

Hata hivyo, Mto Nzoia unapofurika na kubomoa makazi ya Budalang'i, kumhimiza mwathiriwa aridhike tu ni kuipotosha falsafa hii. Patanjali ametaja juhudi mara tu baada ya kuridhika.

Kwa hivyo, tafsiri ya santosha kuwa 'kukinai' ina kasoro, kwani neno hilo hubeba pia maana ya kuchoshwa na shibe. 'Kuridhika' linafaa zaidi, mradi lisitenganishwe na juhudi.