Mkate Unaanguka: Kosa Ni la Nani?

Somo letu ni la mkate wa kuoka kwa sufuria, maana jambo hili lilikaribia kuvunja kikundi kimoja cha kina mama tunachotembelea hapa Garissa. Walinunua unga kwa pesa za mchango. Mara tatu mkate uliumuka vizuri, halafu ukaanguka katikati, ukawa na harufu ya uchachu. Maneno yakaanza: ati mama anayekanda ni mzembe, ati hamira anapeleka kwake. Tulikaa naye tangu kukanda hadi kuoka. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la joto.

Walifuata maelezo ya Nairobi: acha donge saa nzima. Lakini Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kuna baridi. Garissa haifiki mita 200, na mchana joto mara nyingi hupita nyuzi 35. Hamira ni kitu hai. Kwenye joto inafanya kazi mbio. Kabla saa haijaisha, donge limeumuka kupita kiasi na halina nguvu ya kusimama. Kwa hivyo tusiangalie saa, tuangalie donge.

Tufanye hivi

1. Unga kilo 1, hamira kavu kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi vijiko vya chai viwili, maji ya mtungi yaliyopoa kama vikombe viwili na nusu.
2. Kanda alfajiri, dakika 10 au zaidi, hadi donge liwe laini.
3. Funika kivulini. Likifika mara mbili, likande kidogo na uliweke kwenye mkebe uliopakwa mafuta.
4. Likiumuka tena, libonyeze kwa kidole. Shimo likirudi upesi, ngoja. Likirudi polepole, oka sasa hivi. Lisiporudi, umechelewa: kanda upya, liumuke kidogo, uoke.

Shida nyingine

*Mkate mzito kama tofali:* huenda hamira imekufa. Ijaribu katika maji vuguvugu na sukari kidogo. Dakika 10 zikipita bila povu, usiharibu unga.

*Juu umeungua, ndani mbichi:* moto ni mkali. Punguza makaa, uoke muda mrefu zaidi. Gonga mkate chini. Ukilia kama ngoma, umeiva.

*Chumvi imezidi, tena hauumuki haraka:* pengine maji ya kisima yana chumvi. Punguza ile ya kuongeza.

*Ukungu upesi:* ulifungwa ukiwa moto. Uache upoe kabisa kwanza.

Kikundi kile kilimwomba yule mama msamaha, na bado ndiye anayekanda.

Tujadiliane

- Kazi ikiharibika kikundini mwetu, tunatafuta sababu au tunatafuta mtu?
- Nani ataandika kila siku saa ya kukanda, saa ya kuoka, na mkate ulivyotokea?